Tafsiri ya Mzee Vuai

Kilburn, London
3 Februari 1985

Kwa Mzee Vuai Makame,
Kikwajuni, Zanzibar

Assalaam alaykum.

Natumai barua hii itakukuta mzima pamoja na Mwanabaraka. Mimi ni mzima. Najua ni miaka minane sasa, na hukutarajia kuona bahasha yenye mwandiko wangu, kwa hiyo sitakuchosha. Nakuja moja kwa moja kwenye shida.

Siku za kazi niko stesheni ya treni za chini ya ardhi. Jumamosi na Jumapili naendesha mashine ya sinema katika ukumbi wa bwana mmoja anaitwa Kailash, mzaliwa wa Mchangani, aliyeondoka kwetu na wazee wake mwaka wa Mapinduzi. Zamani tukionyesha picha za Kihindi, watu wakijaa mpaka kwenye ngazi. Sasa kila nyumba ina video na watu wanabaki kwao. Kailash akaona aanzishe Jumapili za filamu za nchi mbalimbali, na tarehe 12 Mei amewaahidi watu filamu ya Kirusi. Mabango yameshabandikwa mtaa mzima. Filamu imefika, tumeitia kwenye mashine, tukakuta ni Kirusi kitupu. Chini hakuna maandishi ya Kiingereza hata mstari mmoja. Kailash alikaa kiti cha mbele akashika kichwa.

Nikamwambia namjua mtu aliyesoma uhandisi wa umeme Odessa miaka mitatu, akarudi anaota kwa Kirusi.

Nimerekodi sauti ya filamu yote kwenye kaseti tatu. Ukiweza, nakuomba uzisikilize na utuandikie kwa Kiswahili wanachosema. Mimi nitakigeuza kwa Kiingereza, na siku ya onyesho nitasoma kwenye kipaza sauti huku picha inakwenda. Nilivyoelewa kwa macho, ni habari ya mzee mjenzi wa majiko ya matofali katika kijiji cha theluji. Mwanawe anarudi kutoka mjini baada ya miaka mingi. Upepo umeng'oa paa la nyumba, nao wanaliezeka upya pamoja, bila ya kupenda.

Kama huna nafasi, kaseti mpe Mwanabaraka arekodie taarabu.

Wako mtiifu,
Rajab V. Makame


Kikwajuni, Zanzibar
19 Februari 1985

Kaka Rajab,

Weye una akili kweli? Miaka minane mzee hajapata kwako hata kadi ya Idi, halafu unamwandikia "Wako mtiifu" kama unaomba kazi bandarini!

Haya, sikiliza. Barua kaisoma amesimama. Kisha kakaa, kaisoma tena. Kisha kaniuliza, "Huyu Rajab anamwandikia nani?" Kaseti kaziweka juu ya kabati, kasema hana nafasi, ana kazi nyingi. Kazi gani, mtu amestaafu tangu mwaka juzi?

Siku tatu zikapita. Siku ya nne narudi skuli baada ya alasiri, watoto wa watu wamenichosha, nasikia chumbani kwake sauti ya mwanamume anagomba kwa lugha siijui. Nachungulia: redio yangu iko juu ya meza yake, daftari jipya, penseli sikioni, na viatu kavaa kama yuko ofisini. Anasimamisha kaseti, anarudisha nyuma, anasema lile neno kwa sauti kubwa, kisha anabishana nalo. Jirani Bi Lila kaja kuuliza kama tumepata wageni wa ubalozi.

Hajasema kama atakufanyia. Na mie sijakuandikia, umesikia?

Kuhusu mkeo Sesilia na mtoto, sijamwambia neno. Hilo utamwambia mwenyewe, na fanya haraka, maana mie si sanduku la chuma.

Dada yako,
Mwanabaraka


Kikwajuni, Zanzibar
22 Februari 1985

Kwa Rajab bin Vuai,

Waalaykum salaam.

Barua yako pamoja na kaseti tatu zimefika tarehe 12. Moja ina ufa lakini inacheza.

Kwanza, nani amekufundisha kumwita baba yako "Mzee Vuai Makame"? Hilo ni jina la kuandikia bili ya umeme. Pili, mimi sikurudi naota kwa Kirusi. Mama yako, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akisema hivyo mbele ya wageni ili wacheke.

Nimesikiliza kaseti ya kwanza yote. Kirusi chao ni cha shamba, wanakula nusu ya maneno, lakini kazi inawezekana. Tatizo ni kwamba mimi sioni picha. Kuna mahali dakika kumi na moja zinapita hakuna neno, nyundo tu. Kuna mahali mzee, jina lake Yegor, anamwambia mwanawe Mitya, "Kama unataka kwenda, nenda, mlango si mzito," na nyuma yake nasikia msumeno. Ana msumeno wa nini ndani ya nyumba? Na kuna mtu anakohoa mara kwa mara. Huyo nadhani si Mrusi.

Niandikie kila kipande nani yuko chumbani na anafanya nini. Bila hivyo sitafasiri, nitabahatisha.

Huyu Mitya ana kiburi. Amerudi nyumbani baada ya miaka tisa, na neno lake la kwanza ni kuuliza kama kuna chai.

Vuai M. Makame


Kilburn, London
9 Machi 1985

Baba, shikamoo.

Nimeliandika neno hilo kisha nikaliangalia kwa muda. Ile siku ya mwaka 77 nilipoikataa nafasi uliyonitafutia Odessa, ulisema nikipanda meli nisikuite baba tena. Nimelishika neno lako miaka minane. Kama sasa umenipa ruhusa, nashukuru.

Anayekohoa ni Kailash. Anakusalimu sana. Alipoisoma barua yako akafika kwenye mkohozi asiye Mrusi, alicheka mpaka akakohoa tena.

Juzi tuliifunga milango ya ukumbi tukaitazama filamu tena polepole, nami nimeandika kurasa kumi na nne za nilichokiona. Zimo humu. Lakini baba, lile la msumeno nataka nikueleze hapa hapa. Si msumeno, ni kisu. Yegor amemgeuzia Mitya mgongo, anamwambia aende kama anataka, mlango si mzito, na wakati huo huo anakata mkate. Mkate wao ni mgumu, mweusi, unakwaruza. Anakata kipande kikubwa, anakiweka mbele ya kiti cha Mitya, cha kwake kidogo. Mitya hakioni, maana anaangalia dirishani. Sisi tunaotazama ndio tunaoona.

Na zile dakika kumi na moja za nyundo ndizo ninazozipenda kuliko zote. Wako juu ya paa. Yegor ananyoosha mkono bila kuangalia, Mitya anampa msumari. Basi. Msumari, nyundo, msumari, nyundo. Mpaka mwisho wameshakuwa mwendo mmoja.

Kiburi cha Mitya nakubali. Ila amesafiri siku mbili kwenye treni, baba. Mtu anaweza kutaka chai.

Mwanao,
Rajab


Kikwajuni, Zanzibar
27 Machi 1985

Mwanangu Rajab,

Marahaba.

Kwa nini hukunieleza mapema kwamba alikuwa anamkatia mkate? Nimefasiri vibaya ukurasa mzima! Mimi nimemwandika kama mtu mkali anayefukuza. Imenilazimu kuchana na kuanza upya. "Mlango si mzito" kwa mtu mwenye kisu cha mkate mkononi si maneno yale yale. Nimeandika, "Ukitaka kwenda, mlango unaujua." Hivyo anamwachia nafasi ya kukaa.

Ama hilo la kuniita baba. Mtu husema maneno mengi mwanawe anapofunga sanduku. Tangu una miaka mitano hukushika hata neno langu moja: nilikwambia usiogelee bandarini ukaogelea, nilikwambia soma hesabu ukasoma riwaya. Katika yote hayo, ukachagua kulishika hilo?

Tuendelee na kazi. Humu mna kaseti ya kwanza na nusu ya pili, kurasa ishirini na mbili. Mwanabaraka amenakili kwa mwandiko mzuri kwa sababu wangu anasema unafanana na nyaya za umeme. Amesimamisha kazi mara mbili akasema ana mafua. Sikumwona na mafua wakati wa chakula.

Nina neno moja. Mitya anapomlaumu Yegor kwamba alikuwa mbali yeye alipokuwa mdogo, Yegor hajibu kitu. Kwenye maelezo yako umeandika "anaangalia matofali." Matofali yana nini? Mtu aliyetengeneza filamu hii angempa mzee maneno ya kujibu. Alikwenda mbali kufanya kazi, si kuchezea.

Baba yako,
Vuai M. Makame


Kilburn, London
14 Aprili 1985

Dada Mwanabaraka,

Asante kwa mwandiko. Nimeona mahali wino umeloa maji, ukurasa wa kumi na tisa. Hayo ndiyo mafua?

Nakwambia kitu na usimwambie mzee. Mtafsiri wa Kirusi tulikuwa naye. Mlango wa tatu kutoka ukumbini anakaa bibi mmoja wa Kirusi, Vera, amekuwa London tangu vita. Mwezi wa Januari alimwambia Kailash, "Leteni filamu yenu, nitawafasiria kwa kikombe cha kahawa." Mimi ndiye niliyemwomba Kailash amkatalie. Nilikuwa nimetafuta sababu ya kumwandikia baba miaka na miaka, na hii ilikuwa ya kwanza ambayo si msiba wala kuomba pesa. Kailash alikubali, akasema lakini tukiaibika tarehe 12 atanitupa kwenye mfereji.

Sesilia kila siku akirudi kazini hospitali ananiuliza, "Umeshamwambia?" Nasema bado, tuko kaseti ya pili. Ananiangalia kama mgonjwa anayekataa dawa. Naogopa, Mwanabaraka. Tumeanza kuzungumza juzi tu. Nikimwambia leo kwamba nimeoa miaka minne iliyopita, tena binti wa Bukoba, Mkristo, na sikumwomba radhi wala dua, si atazima redio?

Kaka yako,
Rajab


Kikwajuni, Zanzibar
29 Aprili 1985

Mwanangu Rajab,

Hii ndiyo sehemu ya mwisho, kurasa kumi na saba. Nampa rubani mmoja, rafiki wa jirani yetu wa nyumba ya pili, aitie posta akifika Ulaya, nadhani itakuwahi.

Mwisho wa kaseti ya tatu sauti si nzuri. Wako stesheni, treni inapiga kelele, na Yegor anazungumza kwa mbali. Nimefasiri kwa kadiri nilivyosikia. Soma kama ilivyoandikwa. Usipunguze kitu na usikimbie.

Kunywa maji ya uvuguvugu kabla ya kusoma.

Baba yako,
Vuai M. Makame


Kilburn, London
13 Mei 1985

Baba, shikamoo.

Jana tumeonyesha. Nakueleza yote kama ilivyokuwa.

Bahasha yako ilifika Jumamosi nikiwa ukumbini mpaka usiku, nikaiona Jumapili mchana, nikakimbia nayo ukumbini. Kurasa kumi na saba sikupata nafasi ya kuzigeuza kwa Kiingereza. Nikasema nitazisoma kwa Kiswahili machoni na kuzitoa kwa Kiingereza mdomoni, kama Mungu atasaidia.

Watu walikuja zaidi ya mia. Wazee wa Kihindi kutoka Kenton na Rayners Lane waliomzoea Kailash, vijana wa chuo, Wairishi wa mtaani waliokimbia mvua. Kailash mwenyewe alikuwa kwenye mashine, mimi nimekaa pembeni na kipaza sauti na taa ndogo. Kaseti ya kwanza na ya pili zilikwenda vizuri. Kwenye "Ukitaka kwenda, mlango unaujua," nilisikia watu wakivuta pumzi. Kwenye paa na misumari hakuna aliyekohoa, hata Kailash.

Tukafika stesheni. Theluji inaanguka, Mitya ana begi, Yegor amesimama na koti lake. Anafungua mdomo. Mimi nikaanza kusoma ulichoandika:

"Niliondoka wewe mdogo, kwa kuwa nchi ilihitaji watu waliosoma. Niliporudi ukaniita mjomba. Nilicheka mbele za watu, kisha nikaenda uani nikakaa kitambo. Tangu siku ile nilitaka kukufundisha kila nilichojua, upesi upesi, kama mtu anayelipia siku alizokosa, na wewe ukaona ni amri tu."

Picha imeshakwenda mbele, baba. Yegor amefunga mdomo zamani. Mimi bado nasoma:

"Siku uliyoondoka ulidhani sikuja. Nilikuja. Nilisimama nyuma ya ghala la forodha. Ulivaa shati la buluu, na sanduku la mama yako ulilifunga kamba kwa sababu kufuli lilikuwa bovu. Uligeuka mara tatu kuangalia njia ya mjini. Mara ya tatu nilitaka kutoka."

Hapo nikainua macho. Kwenye kitambaa cha sinema hakuna bandari, hakuna ghala. Kuna treni na theluji. Ukumbi mzima unaniangalia.

Basi bibi mmoja wa Kirusi, Vera, anayekaa mlango wa tatu kutoka ukumbini, akasema kwa sauti kutoka mstari wa pili, "Kijana, mzee hajasema hayo! Amesema: vaa kofia, kuna baridi."

Watu wakacheka, ukumbi wote, hata mimi. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Samahanini, mtafsiri wetu yuko mbali kidogo."

Bibi Vera akasimama akanigeukia. "Endelea," akasema. "Yako ni nzuri kuliko yao."

Na watu wakapiga makofi, wakasema, "Endelea! Soma!" Kailash akasimamisha mashine. Yegor akabaki ameganda kwenye theluji na mkono wake juu, nami nikausoma ukurasa wako mpaka mwisho.

Sauti ilinikauka kidogo. Ni vumbi la ukumbi.

Mwanao,
Rajab


Kenton, Middlesex
15 Mei 1985

Bwana Vuai Makame,

Salamu nyingi. Mimi ndiye Kailash, yule mkohozi. Tumezaliwa mji mmoja, wewe ng'ambo ya kule na mimi Mchangani, na labda uliwahi kununua kitambaa kwa baba yangu bila kujuana. Mambo yaliyopita kati ya watu wa mji wetu ni mengi, bwana, na mimi sikufungua mdomo kwa Kiswahili miaka mingi hapa, kwa uchungu. Mwanao ndiye aliyenirudishia. Alikuja kuomba kazi, akanisalimu "Shikamoo", nikajikuta nimeitika marahaba kabla sijajua.

Nimeona alivyokuandikia kuhusu vumbi. Ukumbi wangu nafagia mwenyewe, hauna vumbi. Alilia, bwana. Alilia kama mtu aliyepoteza kitu akakipata mfukoni mwake. Alisoma huku analia mpaka neno la mwisho, na Kiingereza chake hakikuteleza hata mara moja. Mkewe alitaka kwenda kumshika, nikamwambia kaa, mwache amalize. Zuhura peke yake ndiye aliyefurahi, maana alidhani baba yake anaimba. Alipiga makofi kuliko wote kisha akalala begani kwa mama yake.

Watu wananiuliza lini filamu nyingine ya Kirusi. Nimewaambia namsubiri mtafsiri wangu wa Zanzibar.

Mimi wako,
Kailash


Kikwajuni, Zanzibar
3 Juni 1985

Rajab,

Nimepata barua yako na ya Bwana Kailash siku moja. Nina maswali mawili.

Bibi wa Kirusi anakaa mlango wa tatu kutoka ukumbini. Mlikuwa na haja gani na mimi?

Zuhura ni nani? Zuhura ninayemjua mimi nilimzika mwaka 75.

Vuai M. Makame


Kilburn, London
16 Juni 1985

Baba, shikamoo. Mungu apokee funga yako.

Nakujibu kwa mpango ule ule uliouliza.

Bibi Vera alijitolea mapema. Mimi nilikataa. Nilitaka wewe. Sikujua namna ya kukwambia "baba, habari za siku nyingi" baada ya miaka minane, lakini nilijua namna ya kukwambia "kuna kazi, naomba msaada." Ukiona nimekudanganya, ni kweli nimekudanganya.

Zuhura ni mwanangu. Ana miaka mitatu. Nilimpa jina la mama siku aliyozaliwa, na nesi alipouliza linaandikwaje nilishindwa kumtajia herufi, Sesilia akamtajia. Sesilia ni mke wangu. Ni nesi, kwao Bukoba, Mkristo. Tulioana mwaka 81. Wazee wake waliandikiwa, wewe hukuandikiwa, na hiyo ni aibu yangu, si yake. Miaka yote amekuwa akiniambia, "Mwandikie." Mwanabaraka alijua, usimgombe, nilimwapisha.

Kila siku nilisema nitakueleza. Kwanza nilisubiri hasira zako zipoe. Kisha tulipoanza barua za filamu niliogopa kuziharibu. Sasa sina tena pa kujificha, Kailash amefungua mlango akidhani uko wazi. Ameniomba msamaha mara nne, ametuletea maembe kasha zima.

Zuhura ni mweusi kama wewe, mkaidi kama sijui nani. Kiswahili anakielewa chote. Ukimwambia "lete viatu" analeta, ukimwambia "usiguse" anagusa. Ila ukimwuliza jambo anakujibu Kiingereza, na hakuna ubembelezi wala ukali unaombadilisha.

Tumepanga likizo ya Disemba. Tikiti hatujakata. Nangojea neno lako. Ukisema tusije, hatutakuja, na sitakulaumu. Lakini safari hii, baba, nakuomba kama utasema neno la hasira, unipe wiki mbili kabla sijalishika.

Mwanao,
Rajab


Kikwajuni, Zanzibar
5 Julai 1985

Mwanangu Rajab,

Marahaba, na Idi Mubarak ingawa imepita.

Barua yako ilifika siku ya tatu ya Idi. Niliisoma, nikatoka, nikatembea mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, mara mbili. Mwanabaraka alinifuata nyuma akidhani simwoni. Niliporudi nilimgomba kwa kukuficha, kisha nikamgomba kwa kutonionyesha picha ya mtoto, maana alikuwa nayo ndani ya msahafu miaka mitatu. Sasa iko kwangu. Hapati tena.

Kuoa Mkristo si haramu, dini inaruhusu, na ungeniuliza ningekwambia. Kilichonikasirisha ni kwamba mke wa mwanangu amekaa miaka minne akidhani ana mkwe wa kuogopwa. Mwambie Sesilia nampa salamu zangu, na radhi zangu zipo, zilikuwepo tangu hujamjua. Mwambie pia mkwe wake alikaa Odessa, barafu ilikuwa mpaka ndani ya glasi ya maji, kwa hiyo baridi ya huko asidhani inanitisha kusikia.

Sasa nakueleza na langu. Yule bibi amesema kweli. Yegor alisema, "Vaa kofia, kuna baridi." Nilisikia vizuri, kaseti haikuwa na kasoro. Nilikaa siku mbili na sentensi ile. Nikaona haiwezekani mtu atembee na mwanawe mpaka stesheni kwenye theluji, halafu hilo ndilo lote alilonalo. Penseli ikaendelea yenyewe. Nilipomaliza nilitaka kuchana, nikakumbuka kwamba wewe mtaalamu wa picha ungejua si ya filamu na ungeiruka kimyakimya. Sikujua ungeisoma mbele ya watu mia moja wa London! Bi Lila nimemsomea barua ya Kailash, kacheka mpaka kanga ikaanguka.

Kailash nimemwandikia barua yake. Nimemwambia baba yake namkumbuka sana, alinikatia kitambaa cha suti yangu ya kwendea Urusi. Hayo mengine ya mji wetu tutayazungumza akija, kwa kuwa nimemkaribisha.

Kateni tikiti. Chumba cha mbele nakipaka rangi. Umeme nimeukagua mwenyewe, maana fundi aliyekuja juzi sikumwamini.

Limebaki moja. Nimefikiri sana kuhusu huyu mtoto anayejibu Kiingereza. Mimi Kiingereza changu ni kidogo, tulikuwa tukikisikia kwa mabwana wa umeme zamani, na Kirusi hakitanisaidia. Lakini kutoka sasa mpaka Disemba ni miezi mitano, na nilipokwenda Odessa nilipewa sita tu kujifunza kila kitu. Mwanabaraka ameniazima kitabu cha darasa la tano. Leo nimefanya somo la kwanza. Mwambie babu yake anasema: Gudi moningi, Zuhura.

Barua ikikufikia jioni, usimwambie. Subiri asubuhi.

Baba yako,
Vuai